Bahari ni Mungu, bahari imo ndani ya Mungu, au bahari ni ishara tu? Linganisha kwanza kabla hujajiita jina

Watu wawili wanaweza kukaa baraza moja Nungwi, Zanzibar, wanaangalia jua hilohilo linazama, wote wakasema "Mungu yuko hapa", na wakawa wamesema vitu viwili visivyokutana hata kidogo. Mmoja anakusudia kwamba jua, bahari, na yeye mwenyewe anaeangalia ndio Mungu, nyuma yake hakuna chengine. Mwengine anakusudia kwamba yupo alieyafanya haya na hii ni kazi yake. Kuna na wa tatu anaekaa katikati, anasema yote yamo ndani ya Mungu ila Mungu hakuishia hapo. Na yupo bibi yetu wa nne ambae hana habari na falsafa lakini anajua pango gani usilipite magharibi bila kupiga hodi.

Naandika hii kwa yule anaesema "mie namuona Mungu kwenye maumbile" na hajajua yuko kundi gani, manake siku hizi neno panteizimu linarushwarushwa tu, mtu akipenda miti anaitwa panteisti, mtu akikaa kwenye dhikri na kulia anaitwa panteisti, si hivo. Mie ni Muislamu na sifichi naegemea wapi, ila nimejitahidi kila upande niuseme kama wenyewe wanavousema, sio kama wapinzani wao wanavowasingizia.

Panteizimu

Tuanze nayo kwa sababu ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote. Sio kuabudu miti. Inasema kilichopo ni kimoja tu, ukikiangalia kwa upande huu unakiita Mungu, kwa upande ule unakiita maumbile, hakuna muumba amekaa huku na viumbe vimekaa kule. Jina lenyewe limeanza kutumika Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1600, lakini mtu ambae kila mjadala unamrudia alikuwa keshakufa wakati huo, Baruch Spinoza, Myahudi wa Amsterdam aliezaliwa 1632. Mwaka 1656, ana miaka 23 tu, wakubwa wa sinagogi yake wakamfukuza kwa laana nzito, hata kuzungumza nae wakakataza. Akaishi kwa kusaga lenzi za miwani na darubini, kimyakimya, na kitabu chake kikubwa, Ethica, kikatoka 1677 baada ya yeye kufa mwaka huohuo. Humo ndimo lilimo lile tamko lake maarufu: Mungu, yaani Maumbile.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanaojiita panteisti wanapoachwa na boti. Mungu wa Spinoza hana nia. Hapangi, hakasiriki, hakubali sadaka wala hairudishi. Kila kinachotokea kimetokea kwa sababu iliyokitangulia na hakikuweza kuwa vengine. Chukua bamvua: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi zinavuta kwa pamoja, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, Jambiani unatembea mpaka karibu na mwamba bila ya kulowa magoti. Spinoza hatokwambia Mungu ameyaleta maji. Atakwambia kule kuvuta, yale maji, na weye unaeyaangalia, yote ni namna za kitu kimoja hichohicho kuwepo. Na mule ndani kuna hoja moja mie kila nikiikumbuka inanikera na kunivutia papo hapo, kwamba anaempenda Mungu kwelikweli hawezi kutaka Mungu nae ampende. Isome tena. Unapenda, basi, hupendwi, na usiombe kupendwa, kwa sababu unaemuomba sio mtu.

Einstein nae mwaka 1929 rabi mmoja wa New York alimpigia telegramu kumuuliza kama anamuamini Mungu, akajibu anamuamini Mungu wa Spinoza, anaejidhihirisha kwenye mpangilio wa vitu vilivyopo, sio Mungu anaejishughulisha na majaaliwa na matendo ya binaadamu. Watu wanapenda kunukuu nusu ya kwanza, nusu ya pili wanaikata, na mzigo wenyewe uko huko.

Wako na panteisti wa leo ambao kwao neno Mungu ni heshima tu, hawaamini roho wala akhera, wanaamini fizikia na wanaona ulimwengu unastahili kuinamiwa. Hao tofauti yao na wasioamini kabisa ni nyembamba mno. Schopenhauer, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliwachokoza mapema: ukiuita ulimwengu Mungu hujaueleza, umeupa jina la pili tu. Jibu lao ni kwamba jina linabadilisha unavoishi, na mie naona jibu hilo halitoshi lakini pia si la kulicheka.

Panenteizimu, ina "en" katikati

Herufi mbili tu lakini zimebeba kila kitu. Ulimwengu wote umo ndani ya Mungu, Mungu amemo ndani ya ulimwengu, ila ulimwengu haukummaliza. Fikiria yale masponji wanayoyafuga akina mama kule Jambiani, yananing'inia kwenye kamba baharini: maji yamejaa ndani ya kila tundu la sponji, na bado bahari ni kubwa kuliko sponji, sponji likioza bahari haikupungua kitu. Ndio hivo. Panteisti yeye anasema hakuna tofauti ya sponji na bahari, ni kimoja.

Faida ya huyu wa katikati ni kwamba anabakiwa na mtu wa kumuomba. Hasara yake ni kwamba maneno yake yanateleza, leo utamsikia kama panteisti, kesho kama sheikh, na akibanwa anasema "ni siri".

Wahdatul wujud

Hii, maana yake "umoja wa kuwepo", kwetu ndiyo yenye moto kwa hiyo ntakaa nayo kidogo. Tarika, yaani njia za kisufi, zina mizizi visiwani, Kadiria kwa mfano ilienezwa sana na Sheikh Uways wa Barawa kuanzia miaka ya 1880, na mpaka leo halka za dhikri zipo mjini na mashamba. Lakini tuwe wakweli, wengi wanaokaa kwenye halka hawaingii kabisa kwenye falsafa hii, wanamtaja Mola wao na wanamsalia Mtume na wanarudi majumbani. Kumwita mtu wa dhikri panteisti ni ujinga mtupu.

Falsafa yenyewe inanasibishwa na Ibn Arabi, aliezaliwa Murcia, Hispania, 1165 na kufa Damascus 1240. Anasema kuwepo kwa haki ni kwa Allah peke yake, viumbe havina kuwepo kwao wenyewe, ni tajalli, yaani Yeye anajidhihirisha kupitia kwao. Hadi hapo utasema hii si ndiyo Spinoza? Siyo. Ibn Arabi anashikilia mambo mawili kwa mikono miwili: tanzihi, kwamba Allah hafanani na chochote, na tashbihi, kwamba anadhihirika kwenye vitu. Ukiangalia mkarafuu, ni Yeye na si Yeye. Ukiachia mkono mmoja umeanguka. Ukibakisha tanzihi peke yake umemuweka Mungu mbali kama mfalme aliehama mji, ukibakisha tashbihi peke yake umeanza kusujudia mkarafuu. Na Mungu wake anajua, anataka, anarehemu, anajibu. Kwa hiyo ukimlazimisha kwenye makundi ya Kizungu yuko karibu zaidi na panenteizimu, ingawa mwenyewe angeona hilo boksi dogo.

Wapinzani hawakukosekana, na si watu wadogo. Ibn Taymiyya (1263 hadi 1328) aliona hii inafuta mpaka wa Muumba na muumbwa na akaipiga vikali. Ahmad Sirhindi kule India, aliefariki 1624, na yeye ni msufi, akaja na maelezo mengine yanayoitwa wahdatul shuhud: umoja uko kwenye kuona kwako, hauko kwenye vitu. Mfano wake mzuri sana, jua likichomoza huzioni nyota, hukatai kuwa zipo, mwangaza umekushinda tu. Mtu alieghariki kwenye kumtaja Allah haoni chengine, lakini vyengine vipo. Mie huyu ndie alienitua moyo zaidi, kwa sababu anakubali ile hali ya kweli inayompata mtu pale baharini alfajiri bila ya kumlazimisha aseme bahari ni Mungu.

Ishara, yaani njia ya wengi wetu

Tuliosoma chuoni tunaijua bila ya kuipa jina. Maumbile ni aya. Sura ya Al-An'am inasimulia Nabii Ibrahim anaangalia nyota, inatua, anasema sipendi vinavyotua, anauona mwezi, unatua, analiona jua, kubwa zaidi, na lenyewe linatua, ndipo anageuza uso wake kwa aliyeziumba mbingu na ardhi. Hiki kisa ni jibu la moja kwa moja kwa panteizimu, karne nyingi kabla ya Spinoza. Panteisti anaangalia jua linazama anasema "hilo ndilo". Ibrahim anaangalia jua hilohilo anasema "limezama, kwa hiyo silo".

Na kwa wanaopenda kusema "namuona Mungu", visiwa hivi vina Masunni na Maibadhi, madhehebu mawili ya Kiislamu, ndani ya mtaa mmoja, na Ibadhi wanasema Allah hatoonekana kwa macho hata huko akhera, Sunni wanasema waumini watamuona akhera, lakini hakuna kati yao anaesema unamuona leo Nungwi. Unaona dalili.

Lawama inayoletwa dhidi ya njia hii ni kwamba inafanya maumbile yawe kibao cha barabarani, ukishasoma unapita. Si haki hata kidogo. Quran hiyohiyo inasema kila kitu kinamtakasa ila nyinyi hamfahamu kutakasa kwao, na inasema wanyama na ndege ni umma kama nyinyi, na inasema Allah yuko karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake. Ukizisoma hizo pamoja na "hakuna chochote kama mfano wake" unapata ukaribu na umbali kwa wakati mmoja, huhitaji kuhama nyumba kutafuta ukaribu.

Mizimu

Hapa ntapita haraka, si kwa dharau. Mzimu wa pango fulani au mbuyu fulani, watu wanapeleka ubani, kitambaa, chakula, wanaomba ruhusa. Wageni wanaandika kwamba hii ni panteizimu ya Waafrika, hapana. Panteizimu inasema kila kitu, sawasawa, mbuyu na ndoo ya plastiki. Mzimu ni wa mahali, pale na si pale, na una mwenyewe, na mwenyewe ana masharti. Ni mkataba na jirani asieonekana. Kifalsafa hauna uhusiano na Spinoza, ila ukweli usemwe, misitu midogo ya mizimu mara nyingi ndiyo iliyosalimika na panga.

Kuna na deizimu, Mungu kaumba kaondoka, mashine inajiendesha. Anaependa maumbile kwa moyo haikai nayo muda mrefu, kwa hiyo siichambui.

Sasa zipime kwa vitu vya kweli

Kima punju kwanza, wale kima wekundu wa Unguja. Wanaokaa pembezoni mwa msitu wa Jozani, kwenye mashamba ya watu, wanakula majani ya mwembe na ya mti wa mkungu ambayo yana kemikali za kuwasumbua tumbo, afu wanakwenda kuiba makaa na kuyatafuna, na makaa yananyonya ile sumu. Wanajifunza mtoto kwa mama. Panteisti akiona hivo anasema akili unayoitafuta mbinguni hiyo hapo inatafuna makaa. Mtu wa Ibn Arabi anasema jina la Al-Hakim, Mwenye hekima, limejidhihirisha. Mtu wa ishara anakumbuka Sura ya An-Nahl, Mola alivomfunulia nyuki wapi pa kujenga, anasema nae huyu kafunuliwa. Mtu wa mizimu hana neno, kima si wake. Kwenye mshangao wote watatu wa mwanzo wako sawa, hapa hutoweza kuchagua.

Dua ndiyo inayochagua. Mtoto ana homa saa nane ya usiku, daktari yuko mbali, unanyanyua mikono. Kwa Spinoza mikono hiyo haina inakofika, itakutuliza weye na hilo si dogo, lakini hakuna anaesikia. Kwa panenteizimu, wahdatul wujud na ishara, yupo. Ukiona katika maisha yako huwezi kuacha kuomba, na kila ukiomba unahisi unasema na Mtu, basi jamani weye si panteisti, jina limekupendeza tu.

Afu bahari inapoua. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya abiria MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, karibu na Nungwi, na hakuna aliekuwa mtu mzima wakati ule visiwani asiekumbuka alikuwa wapi. Hapa yule anaeandika "bahari ni Mungu" chini ya picha ya machweo anatakiwa ajibu. Panteisti imara anajibu: wema na ubaya ni majina yetu sisi, bahari haikumchukia mtu, meli inazama kwa sababu zake na sababu zinaweza kuchunguzwa. Ni jibu baridi lakini lina uaminifu, halikupi uongo wa kukubembeleza. Mtu wa ishara ana mzigo mwengine, kwa sababu Mungu wake angeweza kuzuia. Anashika kadari, subra, na ile imani kwamba aliekufa maji ni shahidi, na familia nyingi Unguja na Pemba zilisimama kwa hilo hasa. Mzigo wa swali "kwa nini" haumtoki, ila ana pa kuupeleka. Mie nilipofika kipimo hichi ndipo nilipoona panteizimu siiwezi. Mwengine atafika hapahapa akaona ndiyo pekee anayoiweza, kwa sababu Mungu anaeweza kuzuia na hakuzuia ndie asiemuelewa.

Kifo chenyewe: panteizimu haikuahidi kukutana tena na mama yako, unarudi kwenye vile ulivotoka. Wahdatul wujud na ishara zinaahidi. Sina la kuongeza.

Na je, inakufanya utende nini? Hapa panteisti hujisifu, anasema ukiamini mti ni mtakatifu hutoukata. Sawa kwenye karatasi. Lakini angalia Misali, kile kisiwa magharibi ya Pemba, wenyewe wanasimulia Nabii Khidhri, wanaemwita Hadhara, alihitaji mswala akasema kisiwa hicho ndio mswala wake kwa kuwa kimeelekea kibla. Kilitangazwa hifadhi mwishoni mwa miaka ya 1990, na kilichosaidia kuwafikia wavuvi wa baruti na nyavu haramu ni masheikh kuzungumza kuhusu ukhalifa, kwamba bahari si mali yako, ni amana na utaulizwa. Hakuna aliewaambia samaki ni Mungu. Amana ina meno, kwa sababu kuna wa kukuuliza. Na kuna ile hadithi ya Mtume kwamba Kiama kikikukuta na mche mkononi na ukaweza kuupanda, upande. Mie sijaona popote msukumo wa kupanda mti ulio mkali kuliko huo, dunia inaisha na weye unafukia mizizi.

Basi nani achague nini

Kama umevutiwa na sheria za maumbile kuliko na mwenye kuzitunga, huombi na huoni pengo kwa kutoomba, kifo unakikubali kama maji kupwa, na hutaki kubembelezwa, Spinoza ndie wako, na usijidanganye kwa nusu. Kaanze Ethica sehemu ya kwanza, imeandikwa kama hisabati ya skuli, inachosha, ila ukiiruka hujamjua.

Kama unaomba, na bado unahisi Mungu hayuko mbali na jani, hapo uko baina ya panenteizimu, wahdatul wujud na ishara. Usikimbilie wahdatul wujud kwa sababu ina jina zuri la Kiarabu. Kama hujasoma akida ya kawaida ukaielewa, Ibn Arabi atakuzamisha, na masheikh wengi wanaowazuia wanafunzi wasianze nae hawazuii kwa woga, wanajua pale pana kina.

Kama unachohisi ni kwamba pango lile lina mwenyewe na mti huu hauna, hiyo si yoyote kati ya hizi, na ukitaka kuielewa kaa na wazee wa Makunduchi sio vitabu vya falsafa.

Na ukienda kumuuliza sheikh wako, usimuulize "wahdatul wujud inafaa haifai", utajibiwa jina kwa jina na utaondoka kama ulivokuja. Muulize tanzihi na tashbihi zinakaa vipi pamoja kwenye aya ya 115 ya Al-Baqara, ile ya popote mnapoelekea uko uso wa Allah, afu mwache aseme mpaka amalize.